Kanda Tano Ndani ya Hotpoti

Mbukwenyi! Haya, asanteni. Mwenyekiti kaniambia nikae niongee nikiwa nimetulia, nimemkatalia. Mimi nikikaa maneno hayatoki. Wanaonijua wanajua nina mdomo, na wasionijua watanijua leo hii hii.

Mwezi uliopita, kwenye ukumbi huu huu hapa Miyuji, tulipokutana sisi watu wa kompyuta, ndugu yetu mmoja alisimama akasema ofisini kwao wanahamishia kila kitu klaudi, kwenye mashine za watu wa mbali, na yeye hajui atakuwa nani siku wakiizima seva yake. Akashindwa kumalizia. Wengine mkamshauri mambo ya kozi na vyeti. Mimi nilinyamaza, na mnajua mimi kunyamaza si jambo dogo. Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu, mkutano ujao nasema. Akauliza, "Yote?" Nikamjibu yote, hata ya hotpoti.

Ndugu zangu, haya ninayowaambia ni ya zamani kidogo, wakati mashirika yanabinafsishwa na kila wiki unasikia kampuni fulani imepata wenyewe wapya. Neno klaudi halikuwepo. Mimi nilikuwa mtu wa kompyuta, peke yangu, kwenye kampuni ya kusindika zabibu. Jina sitalitaja. Zabibu zilitoka upande wa Makutupora, kwa wakulima mia tatu na zaidi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutunza orodha yao: nani ana mizabibu mingapi, ya aina gani, na zamu yake ya kuvuna ni lini. Zamu ndiyo ilikuwa roho ya kazi, kwa sababu mashine ya kukamua ni moja, na zabibu ikishakatwa hapa kwetu kwenye jua hili haingoji mtu. Mkulima asiye na zamu anabaki anaangalia mavuno yake yakioza kwenye kreti.

Orodha hiyo ilikaa kwenye seva moja, na seva ilikaa kwenye chumba changu. Jamani, chumba kile nilikipenda! Nilikipiga deki kwa mkono wangu kila asubuhi. Vumbi la Dodoma mnalijua, linaingia hata kwenye yai. Kwa hiyo nikaweka sheria: hakuna kuingia na viatu. Hata meneja alivua. Watu wakanitania wakaniita Mama Seva, nami nikaitika, maana nilikuwa nasikia raha.

Kila jioni nilichukua nakala ya orodha kwenye kanda, mfano wa zile za kaseti. Nilikuwa na kanda tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, nimeziandika kwa mkono. Naondoka nazo kwenye mkoba, nyumbani naziweka ndani ya hotpoti ya zamani juu ya kabati, nafunika, vumbi lisiingie. Siku moja mume wangu kachoka na kazi, kafunua akitegemea ugali, kakuta Jumanne na Alhamisi. Ananicheka mpaka leo.

Basi wenye kampuni wapya wakaja. Wakapandisha dishi juu ya paa, wakasema kumbukumbu zote sasa zitakaa kwenye mashine kubwa Dar es Salaam, sisi tutazisoma kwa mbali. Wakamtuma dada mmoja kutoka Dar aje asimamie. Mdogo kwangu kwa umri, mpole, anaongea taratibu. Siku ya kwanza kafika mlangoni kwangu, "Shikamoo dada." Sikuitikia marahaba. Nikamwambia, "Viatu."

Akavua. Wala hakununa.

Nikamchukia kwa wiki tatu nzima. Nilikuwa na hoja, msidhani sikuwa nazo, na ni zile zile mnazosema ninyi leo. Laini ikikatika je? Vitu vyetu vinakaa kwa nani? Nani ataviona? Siku wakifunga duka lao, tutamdai nani? Nilizisema zote mbele ya meneja, na yule dada alikuwa akiziandika kwenye daftari moja moja, anasema, "Hii ni kweli, dada. Hii pia ni kweli, tutaitafutia dawa." Nikazidi kukasirika. Mtu unataka kugombana naye, yeye anakubaliana na wewe!

Lakini ile hoja kubwa sikuisema. Nilikuwa naogopa kwamba chumba kikifungwa, na mimi nimekwisha. Nilikuwa nimejifanya mimi ndiye seva.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipoanguka. Nakala ya kwanza ilitakiwa iende Dar kwa dishi kabla ya mavuno ya Agosti. Kila ilipoanza kwenda, saa nne ya chai, mimi napanda ngazi ya nyuma nalegeza waya wa dishi. Kidogo tu, nusu mzunguko. Inakatika. Nashuka, nakunywa chai yangu, nasema kwa huzuni, "Naona hii teknolojia haijaiva." Wiki tatu, ndugu zangu! Mtu mzima, mke wa mtu, naimba kwaya, napanda paa kama nyani.

Jumatatu ya wiki ya mavuno nikafika kazini, nikavua viatu, nikafungua chumba. Nikasikia seva inagonga. Tak, tak, tak. Mliofanya kazi na diski za zamani mnaujua mlio ule. Nikaizima, nikaiwasha. Ikagonga mara nne, ikanyamaza kabisa.

Sikuogopa. Nawaambia ukweli, nilifurahi hata kidogo. Nikasema leo watajua umuhimu wangu. Diski ya akiba ninayo, kanda ninazo. Nikafunga diski mpya, nikatia kanda ya Ijumaa.

Haisomi.

Nikatia Alhamisi. Haisomi. Jumatano, Jumanne, Jumatatu. Nikarudia kuanzia mwanzo. Nikafungua kile kifaa cha kanda kwa bisibisi, nikamulika ndani kwa tochi. Kichwa cha kusomea kilikuwa kimejaa vumbi jekundu, limegandamana. Mimi niliyewavua watu viatu! Sakafu nilipiga deki kila siku, ndani ya kifaa sikuwahi kufungua. Na kanda zenyewe ni zile zile tano, nimezizungusha miaka minne mpaka zimelika. Taa ya kijani ilikuwa ikiwaka kila jioni, nami nikiona kijani nafurahi, nabeba mkoba. Katika miaka yote minne sikuwahi, hata mara moja, kujaribu kurudisha kitu kutoka kwenye kanda. Nilikuwa nabeba kanda tupu kwenda nyumbani na kuzifunika kwenye hotpoti.

Mtaniuliza, na karatasi? Orodha ya karatasi ya msimu uliopita nilikuwa nimempa mama wa kantini afungie maandazi. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Chukua tu, vyote vipo kwenye mashine."

Nikakaa sakafuni. Yule dada wa Dar akaja, akavua viatu, akakaa sakafuni pembeni yangu. Nikamwambia kanda zote zimekufa. Halafu likanitoka lenyewe: "Na waya wa dishi ni mimi."

Akasema, "Najua, dada. Kila siku saa nne ya chai. Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Mbona hukunisema kwa meneja?"

"Ningekusema, ungeondoka. Na hapa hakuna mwingine anayewajua wakulima."

Nililia, jamani. Nililia kwa sauti mpaka mama wa kantini akaja na maji.

Tukaenda wote kwa meneja. Nilimwambia mwenyewe, la diski, la kanda na la waya. Akasema adhabu yangu tutaijadili baadaye, lakini kesho wakulima wanakuja kuuliza zamu zao, na atakayesimama mbele yao ni mimi. Hilo kwangu lilikuwa zito kuliko kufukuzwa.

Wakaja. Uwanja wa mizani ulijaa. Nikapanda juu ya jukwaa la mizani kwa sababu hapakuwa na pa kusimama pengine, sindano ikaonyesha uzito wangu, watu wakacheka, na mimi nikashukuru wamecheka kwanza. Nikawaambia. Orodha imepotea. Haikuibwa na haikuchukuliwa na watu wa Dar. Imepotea mkononi mwangu, na ningeweza kuizuia isipotee, nikakataa kwa kiburi.

Kisha bibi mmoja, mkulima wa siku nyingi, akasogea mbele na kanga yake kiunoni. "Mwanangu, unasema umetufuta?"

"Ndiyo bibi. Nimewafuta."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, bibi."

"Yelewi!" Akatikisa kichwa. Akageuka akawatazama wenzake, akasema, "Mbona mimi nipo?"

Akanishukia maneno, ya Kigogo na ya Kiswahili, nami niliyapokea yote, nilistahili. Alipomaliza akavuta pumzi, akamshika mkono baba mmoja mwenye kofia ya sufu. "Mimi makreti napokea kwa huyu. Nikimaliza nampelekea yule pale mwenye baiskeli. Kila msimu. Andika."

Ndugu zangu, naomba mlielewe hili. Makreti yalikuwa ya kampuni na hayakutosha. Mmoja akimaliza kuvuna anayapeleka kwa anayefuata kwenye zamu, na zamu haikuwa ikibadilika. Mimi nilikuwa na orodha kwenye mashine miaka minne, nikidhani ni yangu. Kumbe kila mtu pale alikuwa ameshika vipande viwili vya orodha hiyo kichwani: anayemtangulia na anayemfuata kwenye zamu.

Wakaanza kujipanga. Mwenye kofia akamtafuta wake, mwenye baiskeli akamwita wake. Mstari ukazunguka uwanja, ukatoka nje ya geti. Vurugu? Ilikuwepo. Wawili walitaka kuchapana kuhusu nani alimpa nani, wakaamuliwa na mke wa mmoja wao. Yule dada wa Dar alikaa juu ya kreti lililopinduliwa na laptopu mapajani, mimi nauliza, yeye anaandika. Mizabibu mingapi, aina gani, ulipanda lini.

Mahali fulani mnyororo ukakatika. Pale kati hapakuwa na mtu. Bibi akasema, "Huyo wa hapa amelazwa hospitali ya Mvumi. Mwandikeni. Makreti yake nitayapokea mimi, na wajukuu zangu watamvunia." Hakuna aliyejaribu kusogea kuijaza nafasi ile. Mstari ulisimama vile vile, na pengo la mtu mmoja katikati, mpaka tulipomwandika. Ngojeni ninywe maji kidogo. Samahanini.

Siku mbili tulimaliza. Nilipanda ngazi ya nyuma mbele ya watu wote, nikakaza waya wa dishi, nakala moja ikaenda Dar na nyingine ikabaki Dodoma kwenye diski mpya. Zabibu zilivunwa. Hakuna zamu iliyoruka mtu, na yule wa Mvumi alirudi akakuta zake zimekamuliwa.

Adhabu? Nilinyang'anywa chumba. Kikawa stoo ya makreti, watu wanaingia na viatu vyao. Nikapewa kazi ya kuzunguka kwa wakulima kila msimu kuhakiki orodha, na kila Ijumaa kurudisha kumbukumbu ya mkulima mmoja kutoka Dar na kuisoma mwanzo mpaka mwisho. Ijumaa ya kwanza nilimrudisha yule bibi. Akatokea mzima, na mizabibu yake yote. Mwaka uliofuata laini ya Dar ilikatika siku nne wakati wa mavuno, na nakala ya Dodoma ndiyo iliyotuvusha. Yule dada alinipigia simu: "Dada, ile hoja yako ya kwanza. Nimeipigia tiki."

Namshukuru bibi yule, popote alipo. Nawashukuru wakulima. Namshukuru mume wangu, aliyenunua hotpoti mpya asiulize kitu. Na wewe ndugu yetu wa mwezi uliopita, hofu zako sizicheki, zote ni za kweli, ziandike moja moja na uzidai majibu. Lakini kesho ukifika kazini, kabla hujaitetea seva yako, rudisha kitu kimoja kutoka kwenye nakala yako. Jalada moja tu. Ukishaliona kwa macho yako, ndipo uje tubishane.

Kuna siku nilipelekwa Dar kuiona ile mashine kubwa. Jengo la baridi, sakafu inang'aa, watu wako bize. Nikafika mlangoni, kwa mazoea nikavua viatu. Chumba kizima kikacheka, nami nikasimama pale na soksi zangu, aibu imenijaa. Yule dada alikuwa nyuma yangu. Akainama, akavua vyake, akaviweka karibu na vyangu, akanishika mkono tukaingia.

Leo kaja kutoka Dar kunisikiliza. Amekaa kiti cha mwisho kule nyuma, na akiniamkia tena leo nitamwitikia kwa sauti. Simama, mdogo wangu, wakuone.