Mchezo Usio na Zamu

Muuguzi aliyetoka kazini alikuwa ameegemeza kichwa kwenye dirisha la treni, akiutafuta usingizi. Macho yana kope, masikio hayana kifuniko. Mbele yake, seremala mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi alikuwa akimuuliza fundi wa kompyuta aanze na mchezo gani wa vita wa kompyuta, ule wa kujenga mji na kuongoza jeshi.

"Anza na rahisi, mzee wangu. Cheza na mashine kwanza."

"Mashine haijanikosea, kijana wangu. Ninayetaka kucheza naye ni mwanangu." Tangu wamzike mama yake, alieleza, mtoto hula chumbani, mlango kaufunga, anacheza na watu asiowajua. Juzi baba akabisha hodi, akaomba afundishwe. Akapewa kiti. Akajenga nyumba moja, nzuri, akaondoa mkono, akangoja mwanawe naye acheze, kama kwenye drafti.

"Ukangoja?" Fundi akashika kichwa. "Mzee, humo hakuna zamu! Wote mnakwenda kwa pamoja."

"Mimi nimelelewa kumpisha mwenzangu." Muuguzi nusura acheke. "Mwanangu akanimaliza. Akasema, 'Basi, baba.' Akanisindikiza mpaka mlangoni, akafunga."

"Ukijifua kidogo tu, utamshinda."

"Nani kakwambia nataka kumshinda? Nitafutie mchezo unaochelewa kuisha."

Treni ikasimama. Kilikuwa kituo cha fundi, naye akashuka mbio, kama mtu aliyeokolewa.