Mama Vibao na Majina Arobaini na Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwandishi wa vibao wa jumba la makumbusho ya sanaa, yule tuliyemwita Mama Vibao. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na minne.

Kazi yake ilikuwa vile vibao vya maelezo pembeni mwa picha. Kabla ya kukitundika, kila kibao aliwasomea wafagizi. Wakipiga miayo, anakiandika upya. Mdogo wake anacheka: "Dada alikuwa mbea wa kulipwa mshahara. Akiona picha ya tajiri tu, anauliza huyu kala jasho la nani."

Na picha ya tajiri ilikuwepo, ngazini: mwanzilishi wa jumba. Kibao kilisema, "Mfadhili na mpenda sanaa." Basi.

Siku moja Mama Vibao alitafuta habari za kiti cha zamani. Akafungua faili la samani. Katikati ya makabati na vitanda, akakuta majina ya watu. Ni watumwa wa mwanzilishi, wameorodheshwa pamoja na viti vyake, na mtunza nyaraka wa zamani akawaacha humo humo. Narudia, wasikilizaji: watu arobaini na mmoja, ndani ya faili la samani.

Akaandika kibao kipya chenye majina yote. Kitukuu wa mwanzilishi, aliyelikopesha jumba nusu ya picha zilizotundikwa humo, akaja juu. Akatishia: kibao kikiwekwa, anabeba picha zake. Wakubwa wa jumba wakanywea.

Mama Vibao akampigia simu. Binti yake alikuwa pembeni: "Mama alimwambia, 'Mwanangu, njoo unywe chai. Sikugombezi. Nisomee tu kibao changu, nisikie kama kinaeleweka.'"

Akaja, suti imenyooka. Akasoma mbele ya wafagizi. Jina la tisa lilikuwa la mtoto wa miaka mitano. Akakishusha kibao.

"Endelea, baba," mfagizi mmoja akamwambia. "Tunasikiliza."

Akamaliza yote. Akafuta miwani, akasema, "Mama, herufi ndogo mno hizi. Nani ataziona?"

"Mama alicheka njia nzima kurudi nyumbani," anasema binti.

Kibao kipo ngazini, kikubwa kama mlango. Picha haijaondoka hata moja.

Kwa binti, kwa mdogo wa marehemu, kwa wafagizi wote: poleni sana, tuko pamoja nanyi. Nasi wengine, tukisifu jengo zuri, tuulize pia ni nani hakuandikwa. Jumamosi jumba liko wazi, wasikilizaji. Pandeni ngazi, msome yale majina. Kwa sauti.