Ngoja Kwanza: Bi. Kaaha Siyad na A ya Ali

Baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, Bi. Kaaha Siyad Jelle anastaafu tarehe 31 Desemba 1999. Naam, siku ileile ambayo redio zinatutisha kwamba mwaka ukigeuka, kompyuta zote duniani zitarukwa na akili. Nusu ya ofisi imeniuliza kama mama huyu anakimbia. Hakimbii. Ametimiza miaka hamsini na mitano, na sheria ni sheria. Lakini tusidanganyane: kuogopa, anaogopa.

Alijiunga na Shirika la Mto na Nyika hapa Garissa mwaka 1975, wakati wa ukame, akiwa mpiga chapa. Alishuka kutoka Buna juu ya lori la ng'ombe, akapelekwa kutazama daraja la Tana kama mgeni yeyote, akakataa katakata kulikanyaga. Maji mengi namna ile hayana nia njema, alisema. Wiki ya kwanza kazini alikifunga kiti chake cha magurudumu kwenye mguu wa meza kwa kamba ya ngamia, kisije kikaondoka naye. Taipureta ya umeme ilipokuja, aliigusa akiwa amevaa ndara za mpira, na mpaka leo hajazivua.

Vijana wa ofisi humwita Eddo, yaani shangazi. Nyuma ya mgongo wake tumemwita Mama Ngoja Kwanza, na nadhani anajua. Ndiyo maneno yake. Gari liko tayari kwenda Wajir, askari wa msafara wamepanda, dereva ameshakanyaga mafuta, na Eddo anasema: "Ngoja kwanza, naogopa." Basi sote tunashuka kukagua magurudumu upya. Siku moja dereva alimuuliza kama kuna siku atakayoamka bila hofu. Alijibu kwamba siku hiyo tumtafutie daktari.

Mwaka 1992, watu walipomiminika kuvuka mpaka na mifugo ikateketea huku kwetu, shirika lilianzisha kitengo cha kutafuta jamaa waliopotezana, naye akakabidhiwa. Watoto walikuwa wameachana na mama zao njiani, vituoni, kwenye foleni za maji. Eddo aliwasikiliza akina mama hao mmoja mmoja na kuandika kila alama: kovu la goti, jina la nyanya, kisima cha mwisho walichonywea. Kompyuta ilipoletwa, vyote viliingizwa humo. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, imetumika kwingine ikachoka, na kila ilipowashwa ilikwaruza kama panya ndani ya debe. Eddo alikuwa akiisomea Bismillahi kabla ya kubonyeza swichi. Tulicheka sana. Mungu atusamehe.

Waliokuwapo Novemba ya 1997 hawana haja ya kuelezwa habari za mvua ile. Barabara ilikatika huku na huku, simu zikafa, mbuzi wakaanza kufa na watu wakaogopa hata kugusa nyama. Maji yaliingia ghala letu, na kadi zote za kitengo cha Eddo zikawa uji. Tulijipa moyo: majina si yamo ndani ya kompyuta? Hatukumaliza hata wiki. Mgeni mmoja alikuja na disketi yake kuchapisha barua, akatuachia virusi. Asubuhi iliyofuata mashine iliwaka, ikaonyesha kioo cheusi, ikanyamaza.

Na kwenye baraza letu alikuwa ameketi Rukiyo, mama wa kutoka Ijara. Binti yake, Saynab, alipotea mwaka ule wa 1992 akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni akichoka. Rukiyo alikuwa akija kila mwaka kuuliza, na kila mwaka Eddo alimwambia bado. Mara hii jibu lilikuwapo. Kabla tu ya mvua, taarifa za msichana mwenye kovu la goti kama la Saynab zilikuwa zimefika kutoka kwenye kambi za wakimbizi, Eddo akaziingiza kwa mkono wake: kambi gani, sehemu gani, anaishi kwa nani. Kadi ikaoza, na kati ya majina mengi aliyoyaingiza, Eddo hakuikumbuka kambi. Aliyezileta akaondoka kwenda kusikojulikana. Kwa hiyo njia ya kumfikia Saynab ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile mashine iliyokataa kuamka. Na ndege ya misaada ilikuwa inakwenda kwenye kambi hizo kesho yake, rubani akiwa amekubali kumbeba abiria mmoja.

Mratibu wetu, Bwana Halake, aliamua tuite Nairobi kwa redio. Fundi wetu huko ni Bwana Mwakio, Mtaita mpole asiyepandisha sauti. Redio iko chumba cha pili, na mwendeshaji wake ni Gelle, ambaye anamjua kila mtu na anasikia kila kitu, ila nusu nusu. Mwakio akaeleza, Gelle akaandika, kisha akatupitishia karatasi dirishani. Maelezo yalikuwa rahisi. Washeni mashine kwa ile disketi ya dharura iliyomo kwenye droo. Fomatini. Nakilini majina. Kisha fomatini tena, na mwisho pakieni upya programu, maana iliyopo imeharibika na bila programu majina hayasomeki.

Kufomati, kwa ambaye hajawahi, ni kuifuta diski iwe tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Kwenye kompyuta yetu, tundu la disketi huitwa A. Diski kuu iliyo ndani, ile yenye kila kitu, huitwa C. Hayo nayajua leo. Siku ile hakuna kati yetu aliyeyajua, Eddo akiwamo. Yeye alijua kuwasha, kuandika na kuzima.

Karatasi ya Gelle ilisema: fomati C, nakili, fomati C. Bwana Halake aliuliza mbona mara mbili. Gelle alimjibu kwa uhakika kabisa kwamba ya kwanza ni ya kutoa tope, ya pili ni ya kung'arisha, kama sufuria.

Paa lilikuwa linavuja juu ya meza. Mimi nilisimama nimeshika mwavuli juu ya kompyuta, ndani ya ofisi, mchana, na giza la mvua lilikuwa limetanda kama magharibi. Jenereta ilikuwa inakohoa nje. Rukiyo alikuwa amesimama mlangoni, shungi lake ameliuma kwa meno. Eddo aliingiza disketi, akawasha. Mashine ikakwaruza. Ikakwaruza tena, kwa muda mrefu kuliko siku zote. Kisha maandishi yakatokea. Akaandika kama karatasi ilivyosema, herufi moja baada ya nyingine.

Kompyuta ikamuuliza swali. Ilisema vyote vilivyomo kwenye diski C vitapotea. Je, iendelee? Y ni ndiyo, N ni hapana.

Eddo akaondoa mikono yake kwenye kibodi na kuikalia. Kweli, aliikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa halua. "Ngoja kwanza," akasema. "Naogopa."

Hapo ndipo ungetuona wazungumzaji! Bwana Halake alimweleza kwamba kufuta ndiko kulikotakiwa, kwa hiyo onyo lilikuwa la kawaida. Mtu wa stoo, ambaye sitamtaja kwa kuwa ndiye anayeandika hapa, alisema mkono umekufa ganzi. Gelle alipiga kelele kutoka dirishani: "Eddo, bonyeza bas! Betroli nakwisha, na Nairobi nafunga redio!" Eddo alitikisa kichwa. Alisema hajui kosa liko wapi, na huenda hakuna kosa. Anajua tu kwamba mama aliye mlangoni hana mtoto mwingine. Rukiyo alikuwa anamtazama Eddo, si mashine.

Eddo akaomba jambo moja: Gelle amuulize Mwakio hiyo herufi ya kwanza upya. Gelle akauliza kwa kununa. Tukasikia sauti ya Mwakio ikija na kuzama katikati ya mvumo. Gelle akatokeza kichwa dirishani akiwa mshindi. "Si nilisema? Ni C. C ya Ali!"

Eddo akageukia dirisha.

"Gelle," Eddo akauliza polepole, "ni Ali gani huyo anayeanza na C?"

Gelle aliona ametukanwa. Yeye alisomea Afmadow, ng'ambo ya mpaka, wakati Kisomali kilipoanza kuandikwa kwa herufi za Kilatini, na alisoma kwa bidii. Katika mwandiko huo, C ndiyo inayobeba ile sauti ya kooni, ayn ya Kiarabu. Abdi ni Cabdi. Ali ni Cali. Akachukua kalamu, akaliandika jina hilo kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi na kulibandika kwenye kioo cha dirisha ili tuone nani hajasoma. CALI. Eddo, aliyesomea Wajir shule ya serikali na kuandika Ali kwa A maisha yake yote, alilisoma hilo jina mara mbili.

Akamwambia Gelle arudi redioni na amuombe Mwakio atoe mfano mwingine, na usiwe jina la mtu. Gelle akaenda. Akakawia. Aliporudi hakuja dirishani. Alipita mlangoni, akakaa chini sakafuni penye maji.

"Anasema A ya Afrika," alisema. "Wallahi, Eddo. Afrika."

Mwakio, masikini, alikuwa amesema A ya Ali, na mvumo ukameza herufi ukabakiza Ali. Alichagua jina hilo kwa heshima. Alifikiri watu wa Garissa wataelewa upesi jina la kwao. Alitaka tufomati A kwanza, yaani disketi tupu ya kubebea majina, na C mwisho, majina yakishatoka. Ili Rukiyo ampoteze mtoto wake tena ilibaki herufi Y tu, na wa kuibonyeza alikuwa mtu mwoga kuliko wote Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Niliuinamisha mwavuli bila kujua, nikamwagia Bwana Halake maji shingoni. Hakulalamika.

Eddo alitoa mkono mmoja alioukalia, akabonyeza N.

Msidhani hofu iliishia hapo. Disketi ilifomatiwa, majina yakanakiliwa, na Eddo akataka yanakiliwe tena kwenye disketi nyingine, kisha nyingine, mpaka Gelle akakimbia jirani kuazima petroli bila kuambiwa. Halafu ikabidi kuifuta C yenyewe, kwa kweli sasa. Lile swali likarudi kwenye kioo, lilelile, neno kwa neno. Alitutazama mmoja mmoja. Akamtazama Rukiyo, akamuuliza kwa Kisomali kama anamruhusu. Rukiyo alisema amruhusu nini, yeye hajui kusoma, anamwamini anayeogopa pamoja naye. Eddo akafumba macho na kubonyeza Y, na disketi hizo zote alikuwa amezishika kifuani kwa mkono wa kushoto.

Mashine ilifuta na sisi tukasikiliza ikifuta. Sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile. Kisha programu ikapakiwa, disketi ikaingizwa, na majina yakaanza kupanda kwenye kioo, mstari juu ya mstari. Eddo hakuyasoma kwa macho tu; aliyasoma kwa sauti, akiweka kidole juu ya kila moja, mpaka akafika kwa Saynab, mwenye kovu la goti, anaishi kwa bibi mmoja somo yake, Zeinab. Bwana Halake akasema Alhamdulillahi. Rukiyo alikaa chini palepale mlangoni.

Ndege ilimchukua kesho yake. Maji yalipopungua walirudi wawili, wakaja ofisini kwanza kabla ya kwenda popote. Msichana alijificha nyuma ya mama yake. Sote tulitaka kumshika mkono. Eddo alibaki kwenye kiti chake kilichofungwa kamba, akilia, akasema ngoja kwanza, naogopa nikimgusa atapotea. Saynab ndiye aliyekwenda kwake.

Sasa wanaishi mtaa wa Iftin hapa Garissa, na Saynab yuko shule. Gelle bado yuko redioni, na bado anaandika Cali. Ila sasa, kwa kila herufi, anadai atajiwe nchi. Juu ya kompyuta pana karatasi yenye mwandiko wa Eddo: A ya Afrika. Wageni hudhani ni mambo ya siasa.

Wafanyakazi wengi wamemwomba Eddo atuachie siri ya kazi yake. Amesema hana. Aliwahi kuniambia kwamba wanaomsifu kwa ushujaa wa siku ile wanamkosea, kwa sababu hakuwa shujaa hata kidogo, na kama angekuwa, angebonyeza. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Kuanzia mwezi ujao tutakaa mbele ya ile mashine bila yeye, vijana wepesi wa vidole, wenye haraka, wasioogopa kitu. Hilo ndilo linalonitisha, si mwaka elfu mbili.

Asante, Eddo, kwa kila gari ulilolichelewesha na kila mtu aliyefika salama. Mungu akupe afya, mvua ya kiasi, na kiti kisicho na magurudumu. Kwa niaba ya shirika zima tunakutakia pumziko jema huko Buna, pasipo na daraja. Lori litakuwa langoni tarehe moja asubuhi, nami ndiye nitakayepakia mizigo yako. Nakuonya mapema kwamba dereva akiwasha injini, nitasema ngoja kwanza, naogopa.

Faiza Abdow, Stoo