Warfa Abdisalam na Nyimbo Zilizofunga Ramadhani

Assalaamu alaykum warahmatullah, wazee wetu, akina mama mlio upande wa pili wa turubai, na nyinyi wageni mliotoka Nairobi na Mwingi mkavuka vizuizi vyote vya barabarani kuja kutushika mkono. Mimi ni Abdiwali, ndugu wa kumfuata marehemu. Kwetu hakuna desturi ya kumsomea maiti CV, lakini wageni wameomba kujua ndugu yetu aliishi vipi, Hooyo Ebla, mama yetu, amekubali, na mimi tangu nihitimu sheria mwaka 2017 nimeandika CV nyingi ambazo hazikupata hata wa kuzikataa, kwa hiyo hii ya leo angalau imepata wasikilizaji, na nitaisoma kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Warfa Abdisalam Yarow alizaliwa tarehe 3 Machi 1992 huko Bura, Fafi, kifungua mimba wa marehemu mzee Abdisalam Yarow, mfanyabiashara wa mifugo, na Hooyo Ebla. Alisoma msingi hapo hapo Bura, akafanya KCPE mwaka 2006, akaja Garissa mjini kwa sekondari, akamaliza 2010, na kati ya 2011 na 2013 akachukua diploma ya elektroniki Nairobi, akiishi Eastleigh, ambako jirani wa mlango wa pili alikuwa Mutisya, kijana wa Mwingi aliyekuwa na gita la besi na hakuwa na kitanda.

Januari 2014 alirudi hapa Garissa akafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio karibu na soko la mifugo, na hiyo ndiyo kazi ambayo sisi familia tuliitaja kila tulipoulizwa. Ile nyingine tuliinyamazia, na leo naitaja kwa sauti, kwa sababu watu waliokaa mstari huu wa mbele hawakusafiri kumlilia fundi wa simu. Novemba mwaka huo huo yeye na Mutisya waliunda bendi, wakaiita Kipande Mkononi, maana hiyo ndiyo salamu ya kwanza apewayo Msomali na polisi wa kukagua vitambulisho akikaribia daraja la Tana. Wajuzi huuita muziki huo post-punk ya kielektroniki, mimi nasema tu ni muziki ambao ngoma zinatoka kwenye mashine, besi inatangulia kama ngamia anayeongoza msafara, gita linakwaruza nyuma, na mwimbaji, yaani Warfa mwenyewe, haimbi, anateta. Albamu ya kwanza, Julai 2016, ilikuwa hasira tupu, Nairobi waliicheza mpaka jasho, Kampala wakaialika, Leipzig wakaialika mara moja, na hapa nyumbani tukawaambia majirani kwamba Warfa amesafiri kununua spea.

Tarehe 20 Aprili 2018 alimuoa Nasteho, Ramadhani ikaingia ndoa ikiwa haijatimiza mwezi, na Nasteho, ambaye ulimi wake mnaujua, akamuuliza, "Wewe umefunga, mimi nimefunga, na hizo nyimbo zako huko mtandaoni, zenyewe zinakula mchana?" Warfa alicheka, akaenda kibandani, akarudi bila kile kicheko, akaziondoa zote, na baada ya Idd akazirudisha. Ikawa hivyo kila mwaka, kabla ya mwezi kuandama nyimbo zinashuka, Idd ikipita zinapanda, na mashabiki wakadhani ni mbinu ya biashara.

Kuna mwandishi wa gazeti Nairobi aliyeandika kwamba sauti ya Kipande Mkononi ilibadilika kwa sababu ya ukomavu wa kisanii, na mimi namwambia, bro, ule haukuwa ukomavu, ilikuwa hofu ya Mungu, maana masheikh wetu wanatufundisha kwamba ala za muziki ni haramu. Binti yake Iftin alizaliwa tarehe 2 Februari 2019, na Septemba mwaka huo albamu ya pili ikatoka bila gita, kwa kuwa baba mtu alisema nyuzi zile zinamkaa kifuani, ikabaki kinanda, besi na muungurumo wa jenereta. Mwanawe Yarow alizaliwa tarehe 9 Novemba 2021, hofu ikazidi, na albamu ya tatu, Oktoba 2023, haikuwa na chombo chochote, hata besi, na hapo akajikuta amepunguza deni kwa Mola wake kwa kumtwika rafiki, maana Mutisya alimuuliza, "Na mimi nitapiga nini?" akajibiwa, "Piga makofi, walaal, ndugu yangu." Mutisya alisema Mungu wake hajawahi kulalamika kuhusu besi, kisha akapiga makofi albamu nzima. Mengine yote humo ni nyayo, pumzi na sauti za watu zilizokatwakatwa na kompyuta, na katikati yake kuna mama mmoja anawaimbia ngamia kwenye birika la Bura, katika ule ukame wa 2022, sauti ambayo Warfa aliinasa kwa simu bila kumuomba mwenyewe ruhusa.

Machi 2024 figo zote mbili zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hata kitandani pale aliniambia ile mashine ina mdundo mzuri, kisha akasema astaghfirullah. Alifariki Jumatano tarehe 11 Februari 2026, asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki moja, na nyimbo zilikuwa bado ziko juu.

Hapo ndipo tulipo leo. Wazee wanasema mtu akiacha jambo likiendelea nyuma yake, linaendelea kumwandikia thawabu au dhambi, na Hooyo aliniita Alhamisi akaniambia, "Nywila unayo wewe, mtoto wangu yuko kaburini na bado anapiga kelele, futa," lakini kabla sijafungua simu akasema kwanza asikilizishwe, hawezi kuzika kitu ambacho hajakiona uso. Miaka yote ile hakuwahi kusikia hata wimbo mmoja, na hakuna kati yetu aliyewahi kumpa asikie. Mutisya akamwekea ile ya tatu, na Hooyo akasikia sauti yake mwenyewe. Alimgeukia Mutisya kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe ndio ile mtu ya makofi?" Mutisya akasema ndio, mama. "Unapiga haraka. Ngamia yangu haiwezi kunywa hivyo." Akina mama walicheka, naye akacheka, kisha akalia, akasema kwa Kisomali kwamba Warfa alimuuliza kila kitu maishani, hata jina la binti yake, na hili moja hakumuuliza kwa sababu alimuogopa, na sisi sote tukatazama chini, kwa kuwa alituogopa sote. Hakusema tena futa. Alisema, "Asiulizwe yeye. Nataka hilo tu, huko aliko asiulizwe yeye."

Kwa hiyo natamka mbele yenu, na nyinyi ni mashahidi. Leo, kabla ya Magharibi, nafunga akaunti ya Warfa moja kwa moja, na mwenye nyimbo zake kwenye simu namuomba kwa jina la Allah azifute, aliyoyaweka kwa mkono wake yakome. Baada ya Idd nitaziweka upya kwa mkono wangu na kwa jina langu, na ninajua kwamba nikibeba dhambi yake nabeba pia sifa yake, nitaitwa mwizi wa kazi ya ndugu yangu. Hooyo ameridhia sauti yake ibaki, Mutisya ameridhia, na atarudisha besi yake. Mwenye hasira asiende kaburini, aje kwangu, sina kazi, nipo nyumbani siku zote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka hii miwili, majirani waliochimba kaburi juani, mafundi wenzake wa soko la mifugo waliofunga vibanda, Mutisya na wanamuziki wote, na Nasteho aliyemuuguza bila kuchoka.

Warfa, walaal, pumzika kwa amani ya Mola wako, ukiulizwa kuhusu nyimbo sema ni za Abdiwali.