Nilimwonea Wivu Mwanamke wa Kuchorwa

Amani iwe nanyi, ndugu zangu. Nyinyi mliokaa kule nyuma sogeeni mbele, sing'ati, na spika ya kanisa letu tunaijua wote. Mume wangu mmemwona tulipokuwa tunaingia. Sasa hivi amesimama huko koridoni, anajifanya anaongea na simu, kwa sababu anajua leo nasema nini. Mwacheni kwanza.

Watu husimama hapa wakatuambia habari za ugonjwa, za kufukuzwa kazi, za pombe. Yangu mtaiona ndogo. Nilimwonea wivu mwanamke wa kuchorwa. Ndiyo, wa katuni. Na wivu huo ulinitoa nyumbani kwangu hapa Louisville ukanifikisha Buffalo, karibu nipoteze ndoa. Chekeni tu, mama zangu, mimi mwenyewe sasa nacheka, ila wakati ule sikuwa na meno ya kucheka.

Wengi wenu mlikulia kambi ya wakimbizi kule Tanzania kama mimi, kwa hiyo kibanda cha video mnakijua. Kwa wale wasiokijua: ni kuta za udongo, plastiki juu, jenereta inaunguruma nyuma. Filamu ni ya Kichina au ya Kimarekani, hakuna anayeelewa kitu, basi anakaa kijana mmoja na maikrofoni, anatafsiri. Yeye ndiye muuaji, yeye ndiye polisi, yeye ndiye bibi anayelia. Pale asipoelewa, anatunga. Na wahusika wote anawabatiza majina yetu ya Kiswahili.

Kijana huyo ndiye mume wangu. Mimi nilikuwa nauza karanga nje, na hela ya kiingilio sina. Sura yake sikuijua, nilijua sauti tu. Siku moja mvua ikaanza, nikainua beseni langu niondoke. Mara nikasikia mle ndani, katikati ya mapigano, watu wanakatana mapanga, ile sauti inasema: "Na wewe muuza karanga uliye nje, usiondoke, picha haijaisha." Kibanda kizima kikacheka. Nami nikabaki pale pale kwenye mvua, karanga zikalowa zote. Ndivyo nilivyotongozwa, ndugu zangu.

Tukaja Amerika, tukapata apatimenti hapa hapa Louisville, kule Highview, na ile sauti ikapotea. Anatoka kazini, kwenye ghala anakobeba maboksi, amechoka, ananiuliza, "Chakula kipo?" Namwambia kipo. Anakula, analala. Miaka ikaenda hivyo. Nilijiambia labda mtu akishahesabiwa na skana, ile mashine ya kusoma namba, pamoja na maboksi, maneno humtoka. Sikulalamika, nilikuwa nimechoka vilevile.

Sasa binti yetu, huyu mmoja tuliye naye, akaanza kuangalia katuni za Kijapani. Si zile za watoto. Hizi ni za majambazi. Kuna genge linaongozwa na mzee mwenye kipara, mtu akikosea anakatwa kidole, na damu inaruka mpaka ukutani kama mpira wa maji umepasuka. Siku moja ya Jumamosi mume wangu akapita sebuleni, akasimama, akakaa. Mara akafungua mdomo: "Huyu tumwite Bosi Kipara!" Akaendelea. Yule kijana muuaji asiyeongea akamwita Kimya. Na yule mwanamke aliyerithi genge baada ya mumewe kuuawa, anayetembea na kisu amekificha ndani ya mkono wa kimono, akamwita Mama Kisu. Binti yangu alicheka mpaka akaporomoka kutoka kwenye kochi. Mimi nilikuwa jikoni na mwiko, na machozi yananitoka, kwa sababu ile sauti ilikuwa imerudi.

Lakini haikurudi kwangu. Hapo ndipo tatizo.

Alianza kurekodi na kuweka mtandaoni. Watu wakampenda, Wakongomani, Warundi, mpaka walioko Australia. Wakamwambia sauti yako ya kike ni mbaya, tafuta mwanamke. Akampata dada mmoja wa Columbus, Mkongomani, wakawa wanarekodi kwa simu. Mume wangu anajifungia kwenye kile chumba kidogo cha makoti, maana makoti yanameza mwangwi, na mimi nipo nje ya mlango na kapu la nguo. Namsikia Kimya anamwambia Mama Kisu: "Wakinipa dunia yote wakakuondoa wewe, nitawarudishia dunia yao." Na yule dada anajibu kwa sauti laini kama maziwa ya moto.

Nilijua ni filamu. Msinione mjinga. Nilijua kabisa ni filamu, na ndicho kilichoniuma. Mtu mwenye maneno kama hayo kifuani, mimi ananipa "chakula kipo?" Mwanamke wa kuchorwa kwa kalamu anapewa dunia nzima. Nilikuwa tena nje ya kibanda, na safari hii hakuna aliyeniambia nisiondoke.

Wivu ni kazi ya pili, nawaambia. Nilikuwa nawasha mashine ya kufua kila wanapoanza kurekodi, hata kama ndani hamna nguo. Inatetemeka, inalia, mimi nimeegemea hapo nimekunja mikono. Likaja boksi kutoka Columbus: yule dada kamtumia mume wangu spika za masikioni. Nzuri, nyeusi, na karatasi ya pole kwa kazi. Nilisoma anwani ya mtumaji nikaimeza.

Kisha Wajapani wakaifanya upya ile hadithi na watu wa kweli. Ndugu zangu, hapo niliisha. Kwenye katuni Mama Kisu alikuwa na macho makubwa kama sahani, ningeweza kumvumilia. Sasa alikuwa na shingo. Alikuwa na mikono isiyo na hata kovu moja la mafuta ya kukaangia. Nikaanza kuisema ile filamu kila mahali, nikasema ya kuchorwa ilikuwa bora, kwamba kule mtu akikatwa kidole analia kama mtu, ila hawa waigizaji wanakunja uso tu kama wameonja ndimu. Watu wakadhani ninajua sana filamu. Kumbe ilikuwa shingo ya yule mwanamke.

Siku waliyoanza kutafsiri hiyo mpya, nilifungua mlango wa makoti. Nikamwambia mume wangu, "Unaniona mimi zulia la mlangoni, unajifutia viatu kwangu halafu unaingia kwa mwingine?" Nikasonya, na mnajua ninavyosonya. Akasema, "Mke wangu, Mama Kisu ni filamu." Nikamwambia, "Basi filamu ikupikie." Binti yangu akasimama katikati: "Mom, she's not even real." Nikamjibu, "Ndiyo shida, mwanangu. Angekuwa wa kweli ningeshamfuata."

Shule zilikuwa zimefungwa. Nikamchukua binti, nikaendesha gari mpaka Buffalo kwa dada yangu, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alinipokea vizuri, akanipa kitanda, ila alinionya: "Karibu nyumbani. Lakini shemeji yangu sitamsema. Ukitaka kumsema, msemee bafuni." Nikakaa. Mume wangu akipiga simu, sipokei. Nilishaanza kuulizia shule ya binti na nafasi pale kiwandani. Nilikuwa nimekwenda kweli, ndugu zangu. Sikuwa natishia tu.

Jumapili, baada ya ibada, wakaja wanawake wa kiwandani, sebule ikajaa, dada akawasha televisheni. Nani anasikika? Mume wangu! Nimekimbia njia yote ile, nakuta sauti yake imeshafika, imekaa kwenye kochi la dada yangu inanisubiri. Nilitaka kutoka, mama mmoja akanivuta kanga: "Kaa, leo Mama Kisu anamkomesha Bosi Kipara."

Nikakaa. Mama Kisu akaingia ukumbini, wanaume wote wameshika bastola, akamtazama yule mzee akasema: "Unaniona mimi zulia la mlangoni, unajifutia viatu kwangu halafu unaingia kwa mwingine?" Kisha akasonya. Dada yangu akageuka akanitazama. Wale wanawake wakapiga makofi. Damu ilinipanda. Yule mtu wa Columbus kumbe hajachukua mume tu, kachukua na mdomo wangu!

Halafu ikaja sehemu ya mvua. Kimya amesimama peke yake barabarani na bunduki, na kwenye ile filamu hakuna anayesema neno, ni mvua tu. Mume wangu akashusha sauti. Akasema: "Na wewe muuza karanga uliye nje, usiende mbali. Picha haijaisha."

Wale wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza, "Karanga zimetoka wapi Japani?" Mimi nilikwenda bafuni, nikafungua bomba ili wasinisikie.

Mngedhani nilirudi nyumbani siku hiyo nimesamehe. Wapi! Nilipomaliza kulia nikakumbuka kwamba maneno yale, yangu mimi, yule dada wa Columbus ameyasikia kabla yangu. Asubuhi nikaondoka, dada akanifungia chapati. Njia ya kurudi Louisville inapita Columbus, na anwani nilikuwa nimeimeza, mnakumbuka. Binti yangu akasema, "Mom, please, don't fight." Nikamwambia nakwenda kusalimia.

Ni Gahanna, pembezoni mwa Columbus, karibu na uwanja wa ndege, ndege zinapita juu ya paa mpaka unainama. Akafungua mlango mwanamke mfupi, mnene kidogo kama mimi, amevaa sare ya kazi ya kutunza wazee, macho mekundu kwa usingizi. Shingo yake ya kawaida. Akanitazama, akamtazama binti.

"Bon," akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, ambako bibi ni mke, "weye njo bibi yake. Nilikuwa nakungoya, mama. Ingia."

Nikamwambia sikuja kukaa. Akavuta kiti hivyo hivyo.

"Mi siko na maneno na bwana yako," akasema. "Ule mutu anachokesha! Kila mara: hapana, bibi yangu hasemi vile, rudia. Donc narudia. Hata kusonya ananifundisha, mama, kusonya! Nikamwambia, si umwite ye mwenyewe aseme? Akasema anaogopa, utamucheka."

"Nimcheke mimi?"

"Anasema huku ye ni mutu ya kubeba maboksi tu. Ile sauti uliyopenda, anafikiri ilibakia kambini."

Nikakaa kwenye kile kiti. Halafu nikauliza habari ya zile spika za masikioni, maana jambo hilo lilikuwa bado limenikaa moyoni.

"Aa, ile! Sikuwa namusikia. Mashini yenu ya kufua inalia sana, iko na ugonjwa gani?"

Binti yangu alitoka nje kucheka. Mimi sikuwa na pa kutokea.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipogeuka. Nilimwambia yule dada, "Nipe hiyo maikrofoni." Akaniingiza kwenye makoti yake, akampigia simu mume wangu, akamwambia turekodi, Kimya aanze. Nikamsikia kule Louisville, mwenyewe ndani ya makoti yetu, amechoka: "Wakinipa dunia yote wakakuondoa wewe, nitawarudishia dunia yao." Palikuwa na majibu ya Mama Kisu, ya kwenye filamu. Sikuyajua. Nikasema yangu: "Na karanga zangu zilizolowa, nani atazirudisha?"

Kimya akawa kimya kweli. Ndege ikapita. Kisha nikasikia anavuta pumzi, na mume wangu akasema kwa sauti yake ya nyumbani, ile ya chakula kipo, "Uko wapi? Rudi, mke wangu. Tafadhali rudi."

Nikarudi. Siku hizi Mama Kisu ni mimi, na yule dada anafanya wanawake wengine wote, hata polisi. Wivu haujaniisha, siwadanganyi. Jana tu nilimwona mume wangu anaitazama ile shingo nikawasha mashine ya kufua. Lakini siku hizi nikiumia namwambia, naye akiogopa ananiambia, na maneno mazuri anayafanyia mazoezi mezani kabla hayajaingia mtandaoni.

Namshukuru dada yangu wa Buffalo, aliyenipa kitanda akaninyima umbea. Namshukuru binti yangu. Na yule mama wa Columbus yuko humu ndani leo, msigeuke kumtafuta, nimesema msigeuke! Mama, ulinifungulia mlango nikiwa nimekuja na mate ya kukutemea. Mungu akutunze. Na nyinyi kina baba, hilo neno zuri mliloliweka kwa ajili ya wageni, anzieni nalo nyumbani. Nasi tukilisikia, tusicheke.

Nimemaliza. Bado kitu kimoja. Mtu aliye karibu na mlango aufungue kidogo, mume wangu asikie.

Na wewe uliye nje na simu isiyo na mtu, ingia. Picha haijaisha.