Behewa la Mwisho la Ausi Puse

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wetu wa hapa Katlehong, wafanyakazi wa reli, na ninyi mliokuja na bendera zenu za rangi nyingi mkaambiwa mzikunje pale getini, kwa niaba ya familia ya Lekhooa mimi Mathabo, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Puseletso Lekhooa, ambaye karibu nyote mlimwita Ausi Puse, yaani Dada Puse, na kabla sijaanza niwaambie kwamba asubuhi hii baba yetu mdogo, Rangwane Molefi, aliniita pembeni ya hema akaniambia, "Mathabo mwanangu, soma kuzaliwa, soma shule, soma kazi, halafu ruka uende kwenye ugonjwa, watu wana njaa," nami nikamjibu, "Nimesikia, Rangwane," na ni kweli nilisikia.

Nitasoma yote, na wenye njaa watavumilia, kwa sababu anayewapikia chakula hicho, Nozuko Mbekeni, ambaye tangu alfajiri anamenya viazi nyuma ya hema hili, ni mke wa marehemu, na kwa desturi yetu wiki hii yote alipaswa kukalia godoro la mjane kule chumbani, mmwendee yeye, mumshike mkono yeye, lakini godoro hilo amelikalia shangazi Mmaphefo, ambaye mara ya mwisho kumtembelea marehemu alikuja kuomba tiketi ya treni ya bure, na Nozuko akaambiwa, "Wewe ni mgeni, nenda kasaidie kwenye masufuria." Dada yangu alikuwa mtu wa kinyaa, kila mtu aliyemfahamu anajua, na jambo hili lingemtapisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapahapa Katlehong, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Tseko Lekhooa, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli Germiston, na marehemu Mmatseko, aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni mwa stesheni, na tangu akiwa mdogo hakuweza kunywea kikombe alichonywea mwingine, alinusa maziwa kabla ya kuyaonja, alinusa nguo kabla ya kuivaa, hata mama akasema kwamba mtoto huyu malaika akibisha hodi atamnusa kwanza ndipo amkaribishe.

Alianza shule ya msingi Januari 1975, akaingia sekondari mwaka 1982, masomo yakakatizwa na migomo na risasi za miaka ile, akarudi, yakakatizwa tena, akarudi tena, na mwishoni mwa 1988 akamaliza kidato cha mwisho akiwa mtu mzima anayekaa dawati moja na watoto, akinung'unika kila siku juu ya vyoo vya shule.

Mwezi Februari 1989 aliajiriwa na reli kusafisha mabehewa, kazi ambayo mtu mwenye kinyaa kama chake hakutarajiwa kuiweza hata wiki moja, lakini aliifanya miaka saba, akisonya kuanzia behewa la kwanza hadi la mwisho, na mwaka 1996, milango ilipofunguliwa kwa wanawake, akafuzu kuwa gadi, yaani yule anayekaa nyuma kabisa ya treni, anayelitazama jukwaa lote, na dereva hana ruhusa ya kuondoka mpaka gadi apulize filimbi. Aliipenda kazi hiyo kuliko chochote, akasema, "Dereva anaona mbele tu, sasa aliyebaki nyuma anaonwa na nani?"

Hapa ndipo Rangwane angependa niruke, nami siruki. Tarehe 13 Oktoba 1990, Jumamosi ya mvua, marehemu alipanda treni kwenda Johannesburg kwenye maandamano ya kwanza ya fahari, ya wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, na kwa kuwa aliogopa kufukuzwa kazi, alivaa kichwani mfuko wa karatasi alioutoboa macho kwa mkasi, mmoja katika mifuko ya maandazi ya mama, ulionuka mafuta ya juzi, akatembea nao, ukalowa mvua, ukamgandia usoni, hadi kwenye kona moja akauchana na kuutupa, akatembea uso wazi, na alipofika nyumbani mama akamuuliza, "Hukuogopa kuonwa?" naye akajibu, "Mama, niliogopa, lakini ule mfuko ulikuwa unanuka." Hiyo ndiyo siku dada yangu alipojitangaza, na sababu aliyoitoa ndiyo hiyo.

Kwa miaka mingi baadaye alikwenda kila maandamano ambayo pasi yake ya reli ilimfikisha, akapewa fulana ya kung'aa, akakabidhiwa kazi ya kutembea mkiani ili asiachwe mtu, na mnaodhani kwamba alikuwa akienda kustarehe mngemsikia akirudi Jumapili, anavua viatu mlangoni, anaosha mikono hadi viwiko, anaanza kueleza. Aliyatazama maandamano kwa nyuma, na kwa nyuma hayapendezi. Aliona chupa, matapishi, manyoya ya bandia yaliyokanyagwa kwenye maji machafu. Kule Cape Town aliona wenye hoteli wakicheza juu ya malori, ilhali mabasi ya wasichana wa Khayelitsha yalifika barabara ikiwa tayari inafunguliwa kwa magari, wakashushwa, wakapiga picha na ukuta, wakapakiwa kurudi. Durban alimwona mwanasiasa mmoja aliyeshuka garini, akapunga mkono, akapewa kitambaa cha kufuta ule mkono aliowapa watu, akaondoka. Johannesburg yenyewe maandamano yalihamia mitaa ya matajiri, yakazungushiwa uzio, yakawekwa mlango wa kuonyesha utepe mkononi, na mabango ya benki yakatangulia mbele ya mabango ya waliokufa. Soweto aliipenda, kwa vumbi lake na nyama yake ya kuchoma, lakini hata huko alirudi akilalamika kwamba watu wanalewa kabla ya sala. Nilimuuliza, "Ausi, kama wanakutia kichefuchefu hivyo, mwakani si ubaki?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, akasema, "Nikibaki, mkiani atatembea nani?"

Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Desemba 2007, marehemu alifunga ndoa ya kisheria na Nozuko Mbekeni, mshonaji, mzaliwa wa Mount Frere, katika ofisi moja ya serikali ambako karani wa kwanza alikataa kuwaandika, wa pili akaenda chai asirudi, na wa tatu, mama mmoja mzee, akawauliza, "Bwana harusi ni nani hapa?" marehemu akamwambia, "Mama, andika tu, hayo tutayagombania nyumbani." Kabla ya hapo posa ilipelekwa kwa kina Mbekeni kama inavyopelekwa posa yoyote, na mkuu wa wajumbe wetu alikuwa Rangwane Molefi, alikula kondoo, alicheza, alimwita Nozuko "makoti wetu", yaani bibi harusi wetu, na siku ya sherehe alivaa suti ya kijivu aliyoshonewa na huyohuyo Nozuko, ambayo nafurahi kuona kwamba bado inamtosha, maana ndiyo aliyoivaa leo. Kwa hiyo yeyote atakayeambiwa na Rangwane kwamba ndoa haikuwepo, amtazame msemaji kuanzia kola hadi pindo la suruali.

Mwezi Oktoba 2009, katika maandamano ya Johannesburg, marehemu alikuwa mkiani na mwanamke mmoja wa Daveyton, Zodwa Mhlungu, aliyechechemea mguu wa kushoto na hivyo kila mwaka akawa wa mwisho, wakiwa wamezoea kutaniana njia nzima, na siku hiyo akaja kijana wa kamati mbio akamwambia dada yangu, "Ausi Puse, wanakuhitaji mbele, mgeni rasmi anataka kupiga picha na mkongwe wa mwaka wa tisini," akakataa, akabembelezwa, Zodwa mwenyewe akamwambia, "Nenda bwana, kwa mara moja uso wako uonekane, mimi nakuja polepole," akaenda. Picha ilipigwa. Malori yakaharakishwa kwa sababu muda wa kibali ulikuwa unakwisha, barabara ikafunguliwa, na aliporudi nyuma hapakuwa na mtu. Zodwa alikwenda stesheni peke yake akiwa na fulana yake ya rangi, na asubuhi alikutwa kwenye uwanja wa majani karibu na kwao, ameuawa, na jinsi alivyouawa sitaisoma mbele ya mwanawe.

Mwaka uliofuata dada yangu aliiomba kamati dakika moja ya kimya, akajibiwa kwamba ratiba imejaa, na siku ilipofika alisimama mbele ya lori la kwanza, akiwa na sare yake ya reli, akapuliza filimbi. Kijana wa kwenye spika akamwambia, "Mama, sogea, tunalipia muziki huu kwa saa." Mwanamke mmoja mwenye glasi mkononi akapaza sauti, "Rudini lokesheni kwenu, kwenye mitaa yenu ya maskini, mkalilie huko, mnatuharibia siku." Hao hawakuwa maadui zetu wa kanisani wala wahuni wa vichochoroni, hao walikuwa watu wake, wenye bendera ileile, na marehemu alitema mate chini, jambo ambalo katika maisha yake sikuwahi kumwona akilifanya, kwa kuwa aliliona chafu kupita yote. Hakusogea. Muziki ulizimwa si kwa heshima bali kwa kuwa dereva wa lori, aliyewahi kufanya kazi reli, aliisikia ile filimbi, akavuta breki, akazima injini. Tangu siku hiyo hakupigwa tena picha katika maandamano yoyote, wala hakutoka tena mkiani.

Marehemu alijaliwa mtoto mmoja, Khanyiso, binti wa Zodwa, aliyekuwa na miaka minne mama yake alipouawa, na ambaye Puseletso na Nozuko walimchukua, wakamlea, wakamsomesha, na sasa anasomea uuguzi. Niliombwa niseme kwamba marehemu hakubahatika kupata mtoto. Khanyiso, simama wakuone. Basi, kaa mwanangu.

Ugonjwa wa kisukari uligundulika mwaka 2015, akastaafu mapema mwaka 2019, na Juni 2022 akakatwa mguu wa kulia chini ya goti, akatania kwamba sasa ndiyo atakuwa wa mwisho kwa haki, na kweli Septemba 2023, Soweto, alikwenda kwa kiti cha magurudumu kinachosukumwa na Nozuko, vijana wakaja kumsalimu, wakataka kumpeleka mbele kwa heshima, akawaambia, "Nikiwa mbele mtakimbia. Niacheni nyuma, mnisubiri." Wakamsubiri. Maandamano yote yalikwenda kwa mwendo wa kile kiti, jua likiwachoma, wengine wakinung'unika, na jioni hiyo aliporudi nyumbani aliosha mikono, akakaa, tukangoja aanze kulalamika, akasema tu kwamba chai haina sukari, nasi tukamkumbusha kwamba haruhusiwi sukari.

Figo zilishindwa mwezi Machi mwaka huu, akalazwa mara tatu, kila usiku wa kulazwa kwake Nozuko akilala kitini pembeni ya kitanda, na siku ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia Nozuko akiwa amemshika mkono, katika shuka alizokuwa ameshalalamika kwamba hazikusuuzwa vizuri. Ameacha mke, binti mmoja, na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana si wagonjwa wengi wanaoinusa dripu, inawashukuru majirani kwa kuni, hema na viti, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa reli waliokuja na sare, inawashukuru wenye bendera, ambao nawaomba wazikunjue sasa, geti ni la baba yetu na mimi ndiye niliyebaki katika nyumba hii. Wa kamati, waliotuma shada kubwa lenye jina lao kubwa kuliko la marehemu, tumelipokea, tumeliweka nyuma ya tangi la maji.

Limebaki jambo moja. Naona gari la maiti limeshawashwa, na magari ya vijana wetu yanangurumishwa yatangulie kwa mbio makaburini kama kawaida yetu mbaya, na shangazi ameshakalishwa kwenye gari la mbele. Dereva, zima. Filimbi ya marehemu ninayo hapa shingoni, aliniachia hospitalini akaniambia nimpe yule ambaye watamsahau nyuma, nikadhani ni dawa zinazomzungumzisha. Shangazi Mmaphefo, kwa heshima zote, shuka. Rangwane, wewe na suti yako nenda kwenye masufuria, mvue Nozuko aproni kwa mikono yako, umlete hapa mbele ya watu hawa wote, akae nyuma ya jeneza la mkewe, nami nitamvisha filimbi hii, na msafara huu utaondoka yeye atakapopuliza. Msiwe na haraka, kuna viazi vya kuepua na mikono ya kunawa, na dada yangu asingependa aguswe na mikono yenye viazi.

Pumzika kwa amani, Ausi Puse. Hatujaondoka, tunamsubiri wa mwisho apande.