Sentensi za Mama Kutendwa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza shuleni kwetu, Mama Kutendwa anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, kwani hakuna aliyeifundisha kauli ya kutendwa ya wakati ujao kama yeye. "Will be," husema akigonga ubao, "halafu kitenzi katika umbo la tatu. Aliyetenda? Mwacheni, hatumhitaji!" Hata waliolichukia somo walifaulu.

Nilipojiunga na idara yake miaka tisa iliyopita, madarasa yetu yalitenganishwa na ukuta mmoja. Wiki hiyo aliandika mfano ubaoni: dirisha la maktaba litavunjwa. Kesho yake tukalikuta limevunjwa, wala hapakuwa na jiwe wala mpira. Tulicheka. Muhula uliofuata akaandika kwamba kengele itaibwa. Ikaibwa. Mwalimu mkuu akamsihi atumie mifano ya chakula tu. Tangu hapo ikawa chai itanywewa, mkate utaliwa, basi.

Mwaka juzi, saa tatu asubuhi, alifundisha umbo gumu zaidi, "will have been". Alikusudia mkate. Aliposoma alichoandika, chaki ikamdondoka: kufikia saa nne, darasa hili litakuwa limefunikwa.

Alinijia mlangoni, uso umemparara.

"Toa watoto wako."

"Kuna nini, Mama?"

"Mkono ni wangu, mwenzangu, lakini sentensi si yangu. Watoe!"

Tukasimama uwanjani, yeye na wake arobaini na mmoja, mimi na wangu thelathini na wanane. Ndege hakulia. Dakika kumi kabla ya saa nne, dari yote ilishuka pamoja na ule ukuta. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo.

Mafundi walisema mbao zilikuwa zimeoza. Sawa. Ila ubao ulibaki umesimama katikati ya vifusi, na sentensi ilikuwa imefutwa, safi kabisa. Aliyeifuta hatumjui hadi leo.

Tangu siku hiyo Mama huwaachia wanafunzi waandike mifano. Yeye husahihisha kwa mdomo, mikono mfukoni.

Asante, Mama, kwa watoto sabini na tisa wanaotembea leo. Kapumzike, amka saa uipendayo, cheza na wajukuu. Sisi tunakutakia siku nyingi njema, ambazo bado hazijaandikwa na mtu yeyote.